Hesabu ya Makapi

Baba mkwe ananiambia: saga wino.
Nasaga. Kipande cha masizi ya msonobari juu ya jiwe,
maji kidogo, duara, duara,
mpaka weusi uwe mzito kama asali
na vidole vyangu visijulikane tena ni vya mfuaji.

Hii ni barua ya nne kwa mfalme.
Ya kwanza aliianza kwa hasira, akaichana mwenyewe.
"Hasira ni ya kweli," alisema, "lakini haijui kuhesabu."

Basi tukahesabu.
Theluji ilipoyeyuka, ghala la serikali lilitukopesha mpunga,
gunia moja kwa kila paa lenye moshi,
wa kulipwa vuli, msafi, na nyongeza juu yake.
Mimi ndiye niliyeupepeta uani,
upepo ukitoka upande wa mto Nakdong.
Mimi ndiye niliyepima:
katika vibaba kumi, vitatu ni makapi,
kimoja mchanga,
na kiganja kizima cha kinyesi cha panya,
ambacho baba mkwe alikataa kukiandika.
"Mbele ya mfalme?"
"Mbele yetu kilikuwepo," nikasema.
Akanitazama muda mrefu. Akachovya brashi.
Akaandika: *na uchafu wa namna nyingine*.

Mistari kumi na miwili ya mwanzo imepiga magoti.
*Mimi Nam Gyu-hwan, vumbi la Andong,
nisiyestahili hata kutaja kivuli cha lango lako…*
Zamani nilidhani ni woga.
Siku hizi naona ni ngazi: anashuka daraja kwa daraja
mpaka hana tena pa kuangukia,
na hapo, chini kabisa, analiweka neno lake,
limekaa peke yake kama kijiwe ndani ya wali:
lakini.

Mwezi wa kumi na moja akaenda Hanyang,
siku kumi na mbili kwa miguu,
barua kifuani, shoka mgongoni.
Shoka letu la kuni. Wiki zote zile
nilikuwa nikiazima la Bong-nyeo, ng'ambo ya mto.
Mbele ya lango akatandika mkeka,
akaliweka shoka, makali yakimwelekea yeye:
nikiwa nimesema uongo, hili hapa,
msihangaike kutafuta jingine.

Siku tisa. Walinzi walimzoea.
Mmoja, asema, alimletea supu ya maharage
akaiweka chini bila kumtazama,
kama mtu aliyeisahau.
Siku ya kumi jibu likatoka:
*Tumesoma. Rudi nyumbani ukaendelee na masomo yako.*

Karudi na magoti yasiyokunjika.
Jibu amelibandika ukutani, juu ya rafu ya vitabu,
na kila akilipita anaguna: "Tumesoma. Wamekiri wamesoma."
Mume wangu hacheki.
"Magoti mawili yamekwenda," ananiambia usiku,
"na gunia ni lile lile."
Sina cha kumjibu. Hesabu yake nayo ni sahihi.

Lakini taa ikizimwa upande wao
mimi nawasha yangu jikoni, fupi, ya mafuta ya ufuta,
nanakili barua yote kwa herufi zetu,
zile ambazo wasomi huziita herufi za wanawake.
Magoti nayapunguza; mistari miwili yatosha.
Vibaba navibakiza vyote.
Na kinyesi cha panya nakirudisha mahali pake,
kwa jina lake.

Nilimpelekea Bong-nyeo nakala pamoja na shoka lake.
Alisoma amesimama, midomo ikicheza,
mtoto mgongoni akivuta utepe wa nywele zake.
Hakusema kitu. Nikaondoka.

Leo alfajiri kavuka mto juu ya barafu,
kanikuta nafagia majivu.
Hakunisalimu.
"Kwangu mimi," akasema, "makapi yalikuwa vibaba vinne.
Andika."